Alama katika Picha za Wanawake: Ulaya ya Baroko na Pwani ya Waswahili

Mchoraji wa Ulaya wa karne ya 17 alipomchora mwanamke, kumfanyia sura iliyofanana naye ilikuwa nusu tu ya kazi aliyolipwa. Nusu ya pili ilikuwa kumzungushia vitu: lulu shingoni, ua mkononi, mbwa miguuni, pazia zito nyuma, wakati mwingine mtoto mweusi pembezoni. Kila kimoja kilikuwa na neno la kusema. Mtindo wa Baroko, ulioanzia Roma mwishoni mwa karne ya 16 na kuenea Ulaya hadi nusu ya kwanza ya karne ya 18, ulipenda mwanga mkali juu ya giza, vitambaa vinavyomeremeta na mwendo wa mwili, na ulizipa alama hizo nguvu ambayo haikuwapo katika picha tulivu za vizazi vilivyotangulia. Vitabu vingi huzieleza alama hizo kama sifa za mwanamke mwenyewe: lulu ni usafi wake, mbwa ni uaminifu wake. Makala hii inashikilia maoni mengine. Alama katika picha ya mwanamke ni dai, na dai lina mwenyewe; ili kuisoma lazima kuuliza ni nani anayedai, ni nani aliyelipa, na ni nani aliyewekwa pembeni au kuachwa nje kabisa ili dai hilo lisimame. Maswali hayo matatu yanafaa vilevile kwa picha za wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki, tangu binti wa Sultani aliyepigwa picha Hamburg hadi bibi ambaye picha yake imetundikwa ukutani katika nyumba ya Kibiti au Nyamisati, huku upande wa delta ya Rufiji.

Msamiati wa alama hizo ulikuwa umeandikwa. Mwaka 1593 Mtaliano Cesare Ripa alichapisha Iconologia, kitabu kilichowaeleza wachoraji namna ya kuonyesha Ukweli, Wivu, Subira au Sanaa kwa umbo la mtu, mara nyingi la mwanamke. Toleo la 1603 likaongezewa michoro, na wachoraji wakalitumia kama fundi anavyotumia kipimo chake. Wengine walichota kwenye hadithi za kale. Rembrandt alimchora Saskia kama Flora, mungu wa kike wa maua wa Warumi, mwaka 1634, ndio mwaka aliomuoa: taji la maua kichwani, fimbo iliyosukwa maua mkononi, vazi zito la hariri. Peter Paul Rubens, alipojichora na mkewe Isabella Brant baada ya arusi yao ya 1609, aliwaketisha chini ya mmea wa kutambaa wenye maua, mkono wa kulia wa mmoja juu ya ule wa mwenzake, nao ulikuwa mfano uliozoeleka wa agano la ndoa. Katika picha zote mbili aliyeshika brashi ni mume. Saskia hakujitangaza kuwa majira ya maua, alitangazwa.

Lulu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba alama haina maana moja iliyofungwa ndani yake. Wachoraji wa dini waliihusisha na Bikira Maria, na wachoraji wa hadithi za kale waliihusisha na Venus, aliyezaliwa baharini. Kwa hiyo ingeweza kumsifu mke mtulivu na hawara wa mfalme kwa pumzi moja. Hilo ndilo linaloonekana katika picha ambayo Pierre Mignard alimchora Louise de Kéroualle mwaka 1682, na ambayo leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Picha za Sura mjini London. Louise alikuwa hawara wa Charles wa Pili wa Uingereza, aliyempa cheo cha Duchess wa Portsmouth. Ameketi akitazama nje ya picha, bahari ikiwa nyuma yake, na mkono wake mmoja umemzunguka msichana mdogo mweusi. Mtoto huyo anamnyooshea kombe kubwa lililojaa lulu, na katika mkono wa pili ameshika tawi la marijani nyekundu. Shingoni mwa mtoto pia mna lulu. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba vitu vyote vitatu, yaani kombe, marijani na mtoto, vimepangwa pamoja, kama mali iliyopakuliwa kutoka meli moja. Weusi wa ngozi ya mtoto umewekwa ubavuni mwa weupe wa Louise ili weupe huo ung'ae zaidi. Jina la Louise linajulikana kwa kila mtaalamu wa historia ya Uingereza. Mtoto hana jina.

Anthony van Dyck alikuwa amefanya jambo kama hilo huko Genoa mwaka 1623, alipomchora Elena Grimaldi Cattaneo, mke wa mtu wa ukoo tajiri wa mji ule wa wafanyabiashara. Picha ni ndefu kuliko mtu. Elena anatembea barazani akiwa katika vazi jeusi, na nyuma yake mtumishi mweusi amemshikia mwavuli mwekundu ambao mduara wake unazunguka kichwa cha bibi kama nuru ya watakatifu. Macho ya mtazamaji yanapelekwa kwa Elena na mwavuli. Na mwavuli ule usingekaa mahali pake pasipo mkono wa yule mtumishi. Picha ya namna hii inapoitwa "picha ya Elena Grimaldi" na kuishia hapo, dai la ukoo wa Cattaneo linakuwa limekubaliwa bila kuhojiwa, miaka 400 baadaye.

Kuna picha moja ya enzi hiyo inayothibitisha hoja hii kwa kuigeuza. Artemisia Gentileschi, aliyezaliwa Roma mwaka 1593, alijichora takriban mwaka 1638 au 1639 akiwa katika umbo la Sanaa ya Uchoraji. Alifuata maelekezo ya Ripa karibu yote: nywele zilizovurugika kwa moto wa kazi, mkufu wa dhahabu wenye kinyago kidogo, vazi linalobadilika rangi. Lakini Ripa alikuwa ameagiza pia kwamba mwanamke anayewakilisha Uchoraji afungwe kitambaa mdomoni, kwa kuwa picha haisemi. Artemisia hakukichora kitambaa hicho. Ameinama upande, mkono wa kulia umepanda juu na brashi, wa kushoto umeshika ubao wa rangi, na mdomo uko wazi kwa yeyote kuuona. Wachoraji wanaume hawakuweza kujichora hivyo kwa urahisi, kwa sababu kitabu kilisema Uchoraji ni mwanamke. Hapa anayedai, anayechora na anayeonekana ni mtu mmoja, na ndipo alama moja tu iliyoondolewa inapokuwa na uzito kuliko zote zilizobaki.

Wapo wataalamu wanaopinga kusoma picha kwa njia ya alama hata kidogo. Svetlana Alpers, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu sanaa ya Uholanzi, alisema kwamba wachoraji wa huko walipenda kuueleza ulimwengu kama macho yanavyouona, na kwamba wasomi kama Eddy de Jongh walikuwa wakitafuta mafumbo nyuma ya kila chungu na kila pazia. Onyo hilo ni la haki. Msichana wa Johannes Vermeer mwenye hereni, aliyechorwa takriban 1665, si picha ya mtu maalumu bali zoezi la kuchora sura na vazi la kigeni, na hereni yake imeshukiwa kuwa kioo au bati lililosuguliwa, kwa kuwa lulu ya ukubwa ule ni adimu mno. Mwenye kuandika kurasa kumi juu ya usafi wa msichana huyo huenda akawa anaandika juu ya kipande cha bati. Hata hivyo onyo hilo haliibomoi hoja ya makala hii. Linaiimarisha. Kama lulu ni ya bandia, basi swali la nani aliyetaka ionekane ni lulu linazidi kuwa na maana. Kinachoporomoka ni ile orodha ya tafsiri zilizokaririwa. Swali la dai linabaki palepale.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na wachoraji wa sura kwa rangi ya mafuta, na picha ya mwanamke ilifika huku pamoja na kamera katika karne ya 19. Inayojulikana kuliko zote ilipigwa mbali na pwani yenyewe. Sayyida Salme binti Said alizaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, baba yake akiwa Sayyid Said bin Sultan na mama yake Jilfidan, suria wa Kicherkesi aliyekuwa amenunuliwa. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mei 1867 alibatizwa mjini Aden kwa jina la Emily, akafunga ndoa siku hiyo hiyo, na kuhamia Hamburg. Takriban mwaka 1868 alipigwa picha studioni katika mji huo akiwa amevaa mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja.

Kila kitu alichovaa katika picha hiyo kinadai cheo ambacho kwa sheria za nyumbani kwao alikuwa amekwisha kukipoteza. Alikuwa Mkristo, mke wa Mjerumani, na ndugu zake walikuwa wamemkana. Yeye mwenyewe, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza kwamba wanawake wa daraja lake huko kwao walivaa barakoa mbele ya wanaume wasiowahusu. Mpiga picha wa Hamburg alikuwa mwanamume asiyemhusu, na uso wa Salme uko wazi. Mavazi yanasema "binti wa Sultani wa Unguja". Uso unasema "Bibi Ruete wa Hamburg". Anayedhani kwamba picha hii inaonyesha tu jinsi mabinti wa kasri walivyoonekana atakuwa ameikosa, maana binti wa kasri asingeonekana hivyo. Ni dai lililotolewa na mwanamke aliye ugenini, mbele ya mji uliokuwa ukimtazama kama kioja. Wajerumani walinufaika nalo pia: mwaka 1885, mumewe akiwa amekwisha kufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, serikali ya Berlin ilimpeleka Unguja pamoja na manowari zake, wakati ilipokuwa ikimshinikiza Sultani Barghash, kaka yake Salme.

Swali la tatu, la nani hayumo katika picha, linatuleta moja kwa moja kwenye delta ya Rufiji. Majumba ya mawe ya Unguja yalifunikwa kwa boriti za mikoko, na misitu ya delta, ambayo ni mikubwa kuliko misitu yote ya mikoko ya pwani hii, ilikuwa chanzo kikuu cha boriti hizo; majahazi yalizipeleka Unguja, Arabuni na Ghuba. Upana wa chumba alimokaa bibi wa mjini ulipimwa na urefu wa mti uliokatwa na kubebwa na watu wa matopeni huku. Watu wenyewe nao walipita hapa. Baada ya mkataba wa Juni 1873 kuifunga biashara ya watumwa baharini, wafanyabiashara waliwatembeza mateka kwa nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, wakivuka Rufiji. Frederic Elton, naibu balozi wa Uingereza, aliifuata njia hiyo mwishoni mwa 1873, na katika muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu zaidi ya watu 4,000 wakipelekwa. Salme, ambaye mama yake aliwahi kuuzwa, aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki katika kitabu chake. Hilo halimfanyi astahili kuhukumiwa kuliko Louise wa Mignard, ila linatukumbusha kwamba picha yake ya peke yake, isiyo na mtumishi mwenye mwavuli, haikutoka katika dunia isiyo na watumishi. Mignard alimweka mtoto mweusi ndani ya fremu. Picha ya Hamburg ilimwacha mtumishi nje.

Wanawake waliokuwa nje ya fremu waliingizwa baadaye kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, studio za Unguja, kama za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho, ziliuza kadi za posta zenye wanawake wa pwani, na wakoloni wa Kijerumani walikuwa na kadi zao za bara, nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Chini ya picha hizo pameandikwa kabila au aina: "mwanamke wa Kiswahili", "mrembo wa Kiswahili". Jina la mtu halimo. Mnunuzi wa kadi ndiye aliyelipa, na dai ni lake: kwamba amefika mbali, ameona watu wa namna hii. Mwanamke amesukwa vizuri na amevaa vipini na bangili, lakini mapambo yake hayamsemei tena yeye wala ukoo wake. Naona hapa ndipo picha ya mwanamke wa pwani inapokuwa maskini kuliko yoyote ya Baroko, kwa sababu hata mke aliyegeuzwa kuwa maua na mumewe alibaki Saskia.

Jibu la wanawake wenyewe lilianza kwenye nguo. Kabla ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwezi Aprili 1897, vazi lilimtambulisha mtu: kaniki, ile merikani iliyotiwa rangi ya nili hadi kuwa nyeusi, ilikuwa nguo ya mtumwa na ya kazi ngumu. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake waliopata uhuru walivyoiacha kaniki wakavaa kanga, wakajifunika kichwa kwa ukaya na baadaye buibui, yote yakiwa mavazi ya kudai uungwana. Kanga yenyewe ilikuwa ikibadilika wakati huohuo. Ilikuwa na pindo pembeni na mji katikati, na karne ya 20 ilipoanza ikaongezewa jina, yaani maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha za Kirumi, na wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa wakazijulisha kanga zao kwa alama "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hakuna mchoraji wa Baroko aliyekuwa na alama ya namna hii, inayovaliwa mwilini na kusomwa kama barua, ambayo mvaaji huichagua dukani kwa kumkusudia mtu. Kwa hiyo studio za wenyeji zilipostawi, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930 na studio ya Parekh huko Mombasa miongoni mwao, mwanamke aliyeingia kupigwa picha alikuwa ameshika nusu ya kazi ya mchoraji mkononi mwake. Alichagua nguo, akachagua namna ya kukaa, na yeye au mumewe au rafiki yake ndiye aliyelipa.

Hapa huja pingamizi lenye nguvu: vitu vingi katika picha hizo vilikuwa vya studio. Saa ya mkononi ya kuazima, kiti cha kuchongwa, maua ya plastiki, pazia lililochorwa ngazi na bustani. Tutaziaminije kama ushahidi wa maisha ya mtu? Haziwezi kuaminiwa kama ushahidi wa mali yake, na hazikuwa na haja ya kuwa hivyo. Nguzo na mapazia ya Van Dyck nayo hayakuwa lazima yawe ya nyumba ya mteja. Kitu cha kuazima kinaonyesha kwa usahihi kuliko cha kumiliki kile ambacho mtu alitaka aonekane nacho, kwa sababu alikichagua akijua kwamba dakika chache baadaye atakirudisha. Pingamizi la pili linatoka upande wa dini na heshima: kwamba mwanamke wa pwani mwenye staha hakutakiwa kuonekana pichani, basi picha hizi ni za wachache waliokengeuka. Historia haikubaliani na hilo. Wanawake wa nyumba za heshima walipigwa picha, ila picha ilikaa ndani, katika albamu ya ukumbi wa wanawake au sandukuni, na kuonyeshwa kwa wanaostahili. Mipaka ya nani anaruhusiwa kuitazama ikawa nayo sehemu ya maana yake.

Wengine watasema kwamba kulinganisha Baroko na pwani ni kuipima Afrika kwa kipimo cha Ulaya. Wangekuwa na haki kama makala ingedai kwamba pwani ilijifunza alama kutoka Ulaya. Haikujifunza. Wazaramo, majirani wa kaskazini wa delta, pamoja na Wakwere na Waluguru, walikuwa na mwana hiti, umbo dogo la mwanamke lililochongwa kwa mti ambalo mwali alilitunza akiwa ndani: kichwa chenye nywele zilizogawanyika mafungu mawili, matiti, kitovu, na uso usio na chochote cha kumfananisha na mtu fulani. Umbo hilo lilichongwa pia juu ya bakora na kwenye nguzo za makaburi. Ni alama tupu isiyo na sura. Kadi ya posta ni sura isiyo na jina, na picha ya Baroko ni sura, jina na alama vikiwa vimefungwa pamoja na aliyelipa. Kwa kuviweka vitatu hivi karibu tunaona kwamba mwana hiti hakumnyang'anya mtu jina lake, kwa kuwa hakuwahi kudai kumwonyesha mtu mmoja. Alikuwa wa wali wote. Kadi ya posta ilimwonyesha mtu mmoja na kumnyima jina.

Katika Nyamisati ya leo, ambako wasafiri wa Mafia hupandia chombo, na katika wilaya nzima ya Kibiti, picha za wanawake hupigwa kwa simu: bibi arusi mwenye hina na piko, kundi la mashoga katika sare ya kanga moja, mama ameketi barazani akiwa ameifunua kanga yake ili jina lisomeke. Alama zake ni tajiri kama za Genoa, na mwenye kuzielewa vizuri zaidi ni yule aliyekuwapo siku hiyo. Nyumba nyingi bado zina picha za studio za miaka ya 1960 na 1970, zilizofifia kwa unyevu wa delta, na katika nyingi kati ya hizo anayeweza kusema huyu ni nani, kanga ile alimnunulia nani na saa ile ilikuwa ya nani, ni mzee mmoja tu aliyebaki. Mwenye picha ya namna hiyo aigeuze, aandike nyuma kwa penseli jina kamili la kila aliyemo, mahali na mwaka, na amwulize mzee huyo maneno ya kanga yasiyosomeka tena yalikuwa yapi. Kazi hiyo haihitaji makumbusho wala mtaalamu, na hakuna aliyeifanya kwa mtoto aliyemshikia Louise kombe la lulu.